Lubumbashi, tumechoka kuuziwa ganda la 14 Pro lenye XR ndani

Ndugu zangu wa Lubumbashi, naandika hapa nikiwa na hasira na sitaipunguza. Kuanzia mjini kati hadi soko la mtaa wetu wa Kenya, meza zimejaa simu zinazoitwa iPhone 14 Pro na 15 Pro, kwa bei ambayo simu halisi ya aina hiyo haiwezi kuuzwa. Nyingi ni iPhone XR ya mwaka 2018 iliyovuliwa ganda lake na kuvishwa jingine. Muuzaji anajua. Fundi aliyeihamisha anajua. Kinachouma zaidi, wako wateja wanaojua pia na wanaiagiza hivyo hivyo, kwa sababu wanachokitaka ni zile lenzi tatu zionekane mgongoni wakiwa na simu sikioni.

Kazi yenyewe inafanywa hivi. XR huchaguliwa kwa kuwa kioo chake cha inchi 6.1 kinakaribiana na cha Pro. Fundi anatoa kioo, betri na bodi (ubongo wa simu), anavihamishia kwenye ganda la alumini lililopakwa rangi. XR ina kamera moja tu nyuma, kwa hiyo nafasi nyingine mbili zinazibwa na vioo vitupu visivyo na kitu nyuma yake. Ile gundi inayozuia maji imeshakatwa wakati wa kufungua. Ahadi ya IP67, yaani kuhimili vumbi na maji, iliishia hapo, na mvua za Desemba tunazijua. Ganda lisipokaa sawasawa, viunganishi vya antena havigusi vizuri, mtandao unadhoofika, na mwenye simu anaanza kuwatukana Vodacom na Airtel bure.

Kuitambua ni kazi ya dakika moja. Fungua kamera utafute kitufe cha 0,5. XR hana. Kisha ingia Réglages (mipangilio), Général, halafu Informations, usome jina la modeli. Anayekuuzia akikuambia usiguse Réglages, hakuna la kujadili tena.

Hapo hapo kwenye Informations angalia namba ya modeli. Ikianza na M, simu iliuzwa ikiwa mpya. F ni iliyotengenezwa upya na Apple wenyewe. N ni iliyotolewa kufidia iliyoharibika. Mwisho wake pia una maana. LL/A ni ya Marekani, na huko kuanzia iPhone 14 hazina tena tundu la kadi ya laini. Hebu fikiria mtu wa hapa, laini ya M-Pesa upande mmoja na ya Airtel Money upande wa pili, anatoa dola zake zote kwa simu isiyoingiza kadi hata moja! Kabla ya kulipa, nenda kwenye ofisi ya mtandao wako uulize kama wanakupa laini isiyo na kadi (eSIM) na kama akaunti yako ya pesa itahamia nayo. Nyingi za China, zenye CH/A, zinapokea kadi mbili.

Halafu iCloud, akaunti ya Apple inayoifunga simu kwa mwenyewe. Simu "iliyofunguliwa" inaweza kuwa bado imefungwa kwa jina la mtu aliye Dubai au Marekani, naye anaweza kuizima akiwa huko huko. Mwambie muuzaji aifute yote mbele yako. Ikiwaka upya, iunganishe na intaneti, uende hatua kwa hatua hadi mwisho. Ikidai barua pepe na neno la siri la mwenyewe wa zamani, hiyo ni kipande cha kioo tu. Usikubali "rudi kesho tutaifungua".

Betri nayo inachezewa. Fundi anachukua kibao kidogo cha betri ya zamani, anakichomelea kwenye seli mpya ya bei rahisi, kisha anaandika afya ya betri 100% kwa mashine. Simu ya miaka sita inayoonyesha 100 iulize maswali makali. Weka mwanga juu kabisa, cheza video nusu saa ukiwa hapo hapo dukani: namba ya chaji ikiruka ghafla, mfano kutoka 60 hadi 41, seli haina kitu. Na kobalti ya betri hizi inachimbwa Kolwezi, malori yanapita hapa kwetu kwenda Kasumbalesa, halafu tunarudishiwa seli zilizochoka. Inatia uchungu.

Sisemi iPhone haina faida. Anayepiga picha za harusi na kulipwa anaihitaji kamera ile, na programu zake zinapata masasisho miaka mingi. Lakini kwa WhatsApp, kupiga simu na kutuma pesa, simu ya Android ya kawaida yenye 4G, laini mbili na betri ya mAh 5000 inamshinda XR mwenye mAh 2942, hasa siku za delestaji, umeme unapokatwa kwa zamu. XR mwenyewe hakupewa mfumo wa iOS 26 mwaka 2025. Ganda jipya halibadilishi hilo.

Na hizo pawabanki zilizoandikwa mAh 50000! Piga hesabu: 50000 mara volti 3.7, gawanya kwa 1000, ni wati-saa 185. Seli nzuri hubeba karibu wati-saa 250 kwa kilo, kwa hiyo seli peke yake zingekuwa na gramu 700 na zaidi. Iweke kwenye mizani ya muuza unga. Ikiwa na gramu 250, umeuziwa plastiki, na nyingine huongezwa mchanga ili ziwe nzito, kwa hiyo uzito mkubwa peke yake si uthibitisho. Tena ingekuwa kweli, usingeipandisha ndege pale Luano, maana kikomo ni wati-saa 160 hata ukiwa na idhini ya shirika. Na kwa chaja ya wati 10 ingehitaji zaidi ya saa 18 kujaa. Nani mjini hapa anapata umeme saa 18 mfululizo kila siku? Chukua ya 20000 ya kweli, na usome maandishi madogo ya uwezo halisi kwenye volti 5: 12000 au 13000 ni ya kuaminika.

Saa za mkononi zinazodai kupima sukari bila kutoboa kidole, hapo naomba tuache mzaha kabisa. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya Februari 2024 kwamba haijaidhinisha hata moja. Mgonjwa wa kisukari akiamini namba ile anaweza kuzidisha insulini na kufa. Ifunge hiyo saa kwenye taulo lililokunjwa, nyingi zitakuonyesha mapigo ya moyo ya taulo.

Wauzaji, kwenye risiti andikeni modeli halisi na IMEI, namba ya utambulisho wa simu, ile inayotoka kwa *#06#, si "iPhone moja" tu. Na mafundi wa Katuba, Kenya na Kamalondo mnaohamisha bodi hizi, wekeni hapa chini alama nyingine mnazozijua za ganda la kubandika, kwa kila modeli.