Dembo za Lubumbashi: za ndege, za bustani ao za viwanja?

Mwanzilishi, Kampemba

Ndugu zangu wa Lubumbashi, nileteeni mawazo bila matusi. Wapo wanaotaka dembo, yale mabonde yetu ya majani yanayojaa maji wakati wa mvua, zinazofuata mto Lubumbashi na Kafubu, ziwekewe uzio, ziwe hifadhi ya ndege ndani ya mji. Wapo wanaosema dembo ni za mboga, ndege watafute pengine. Na wapo wanaokaa kimya huku wakizipima viwanja. Msimamo wangu nautoa mapema: tuzilinde, bila uzio, kwa kalenda.

Ndege na mkulima hawagombani mwaka mzima. Mvua zetu zinashika kuanzia mwisho wa mwezi wa kumi mpaka mwezi wa nne. Mkulima anashuka dembo wakati wa kiangazi, kwa sababu maji yako karibu na jembe. Mvua ikipiga, matuta yanazama naye anapanda juu. Ndipo ndege kwera wanaposuka viota kwenye matete, na kweche dume, aliyekuwa na rangi ya vumbi kama jike, anavaa nyekundu na nyeusi. Miezi ya kutaga hakuna anayewasumbua, isipokuwa watoto wenye manati.

Vurugu iko kati ya mwezi wa nane na wa kumi na moja, ndege wahamiaji wanapofika kutoka mbali. Mwewe wanafika wa kwanza. Wanafuata sululu waliotaga kaskazini mwa Ulaya na Urusi, keremkerem, kisha mbayuwayu. Hata korongo wa Abdim, anayetaga Saheli wakati wa mvua za kule, anakuja kwetu mvua zetu zikianza. Na ni katika miezi hiyo hiyo tunachoma matete! Mbayuwayu wanalala kwenye matete kwa makundi makubwa sana, tena usiku kwa usiku. Wakikuta majivu, hawana pa kulala.

Ninachopendekeza: tuchome mapema, mwezi wa tano ao wa sita, majani yakiwa bado na unyevu, na kila mwaka tuguse theluthi moja tu. Ndola, ng'ambo ya mpaka, Zambia ya leo, watu wa misitu walianza majaribio ya moto mwaka 1933. Palipochomwa mapema, miti iliendelea kuishi; palipochomwa mwisho wa kiangazi, pakabaki karibu nyasi tupu. Najua ile ilikuwa miombo, si matete. Lakini moto wa mwezi wa tano na moto wa mwezi wa kumi haufanani popote.

Mama mulimaji, Katuba

Yaya, asante kwa kutuhesabu, kwa kawaida bantu ba ndege hapana banatuonaka. Lakini unasema mambo ya kuchoma kama vile tunachezaka. Tunachomaka mwezi wa nane juu matete yanaingia mu matuta, na panya banalala mule, usiku banakula tomati. Sasa ukiacha theluthi mbili bila kuchoma, ile matete itakuwa karibu na tuta ya nani? Yangu. Panya batakula kwa nani? Kwangu. Ndege ni ya bote, hasara ni ya mutu moya.

Na muji unakula lengalenga yetu kila siku. Sijaona mutu anakula bukari na mbayuwayu.

Uzio usiseme hata. Chuma yake itauzishwa mbele ya ndege kufika.

Mwalimu wa biolojia, Kamalondo

Kuhusu uzio mama amemaliza. Mimi nataka kumjibu yule anayetutumia picha za London kwenye makundi ya simu, akisema tuige. Barnes, ndani ya London, walifungua hifadhi ya ardhi oevu mwaka 2000 mahali palipokuwa na mabwawa manne ya zege ya kampuni ya maji. Kila bwawa lina milango, wanapandisha na kushusha maji kama wanavyotaka. Wakiyashusha, tope linaonekana, sululu na wenzake wanakuja kuchokoa wadudu. Ni kazi nzuri, kwa tope la London.

Tope letu lina historia nyingine. Kiwanda cha kuyeyushia shaba cha Lubumbashi kilimwaga shaba yake ya kwanza mwaka 1911, na mlima wa mabaki yake bado tunauona kila asubuhi. Mwaka 2009 watafiti wa hapa kwetu na wa Ubelgiji walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wa Katanga: wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya madini walikuwa na kobalti nyingi mno, pamoja na kadmiamu, risasi na urani. Metali za namna hiyo zikiingia dembo hazipotei. Zikiwa chini ya maji, mahali pasipo na hewa, sehemu kubwa inashikana na salfa na kutulia ndani ya tope. Ukikausha tope, hewa inaingia, asidi inatokea, metali zinaachiliwa. Mvua ya kwanza inazisukuma Kafubu, na Kafubu inamwaga Luapula. Kwa hiyo anayetaka kutukaushia dembo ili sululu wapate pa kutembea, atuoneshe kwanza vipimo vya tope. Bila vipimo, maji yabaki juu, hata kama ndege wa matopeni watapungua.

Na mama, samahani, hili linakugusa. Mboga za majani kama lengalenga zinanyonya metali kuliko mboga za matunda.

Mama mulimaji, Katuba

Mwalimu, niliona itafika pale. Leo unasema samahani, kesho utakuja na karatasi ya kutufukuza juu ya afya yetu. Mupime, sikatai. Lakini mupime pa bote, hata mayi ya visima vya wakubwa, hapana paka matuta ya bamama.

Mwenye kiwanja, Annexe

Mnabishana juu ya ndege na panya mahali ambapo tayari pana wenyewe. Kiwanja changu nimekilipa na karatasi ninayo. Mji unakua, tujenge wapi?

Mwanzilishi, Kampemba

Ndugu, karatasi ipi? Sheria ya ardhi ya 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali, na haki yako inasimama kwenye cheti cha usajili. Barua ya kiongozi wa mtaa siyo cheti. Na ukishajaza changarawe pale, maji ya mwezi wa pili hayataondoka mjini, yatahamia tu kwa jirani yako wa chini. Mkulima akiacha dembo, mwaka mmoja ao miwili matete yamerudi. Msingi wa nyumba haurudishi kitu. Ndiyo maana mimi sina ugomvi mkubwa na mama; nina ugomvi na wewe.

Kwa wanaotaka hifadhi rasmi: sheria ya uhifadhi ya 2014 inadai wananchi waulizwe kabla eneo halijatangazwa. Basi tuulizane sasa. Hoja ya mama ya panya imenipiga, kalenda yangu ilisahau nani anabeba hasara. Nairekebisha: tuanze na dembo moja tu, tope lake lipimwe, na matete ya kuachwa yawe ng'ambo ya mto, upande usio na matuta.

Mwenye matafari, Kafubu

Ng'ambo ile unasema haina bantu, njo siye tuko pale. Tunachimba bulongo ya matafari kiangazi yote. Mashimo yetu yakijaa mayi, ndege banakuya wengi kuliko mu matete, mwalimu akuje aone. Ni kweli mashimo yanamezaka batoto, ile sitaficha. Lakini matete ya ng'ambo hapana ya bure: kuni zikipanda bei, njo tunawashia tanuri. Utatulipa kuni?

Mama mulimaji, Katuba

Njo ile. Ajibu kwanza ile ya kuni, kisha ya panya.