Ukoo wa Chumbageni: Zuhura na Salim wametoka Puerto Rico

Shangazi Mwanaisha (Tanga): Zuhura, nimeona picha kwenye stetasi yako. Hiyo bahari ya wapi tena? Mbona hukuaga mtu?

Zuhura (Orlando): Shikamoo shangazi. Tulimuaga Mama. Hiyo ni Puerto Rico, kisiwa kimoja huko Karibi. Tuliondoka Ijumaa jioni, jana usiku tumerudi. Salim kapata wikiendi bila zamu, mimi nikabadilishana na mwenzangu kazini.

Shangazi Mwanaisha: Marahaba. Karibi si ndiko kwenye vimbunga?

Zuhura: Msimu wake ni Juni mpaka mwisho wa Novemba, shangazi. Saa hizi Aprili kumetulia. Lakini wameumia kweli wale watu. Kimbunga Maria cha Septemba 2017 kilizima umeme kisiwa kizima, na wapo waliokaa miezi na miezi bila taa. Wengi wakahamia huku Florida, akiwemo huyo mwenzangu wa kazini. Yeye ndiye aliyetushika mkono tukajua pa kwenda.

Ramla (Atlanta): Dada, viza mlipata wapi haraka hivyo? Mimi na Bakari tuna grini kadi tu ya ukaazi, bado si raia, na pasipoti yake imeisha muda.

Zuhura: Ramla, viza haihitajiki. Kisiwa kiko chini ya Marekani tangu 1898. Ukiruka kutoka bara moja kwa moja hadi San Juan, mji wao mkuu, kisheria hujatoka Marekani. Hakuna muhuri, na hela ni dola hizi hizi. Mimi nilibeba grini kadi na leseni basi.

Zuhura: Ila angalieni tiketi. Ndege isitue nchi nyingine njiani, maana hapo mambo yanabadilika. Na mtu ambaye karatasi zake bado zinashughulikiwa asijiendee tu kwa sababu mimi nimesema. Amuulize mwanasheria wake kwanza.

Mjomba Athumani (Mombasa): Haya, mmestarehe. Lakini siku mbili kwa ndege na hoteli, si pesa hizo zingeezeka ile nyumba ya Pongwe?

Mama Zuhura (Tanga): Kaka, mwache mwanangu. Mimi ndiye niliyemwambia aende. Salim anaingia kazini usiku, Zuhura anatoka alfajiri, wanapishana mlangoni. Ndoa gani ya kuachiana ujumbe kwenye friji?

Salim (Orlando): Shikamoo mjomba. Shikamoo mama. Bati zimeshalipiwa mjomba, fundi anaanza mwezi ujao inshallah. Hii tulikuwa tunaiweka kidogo kidogo pembeni.

Mjomba Athumani: Marahaba. Basi kama bati ziko, sina neno.

Ramla: Hoteli je, ghali?

Salim: Msitazame bei ya mwanzo. Yetu ilituongezea ada ya kila siku ambayo hatukuiona mpaka tunalipa. Fungua mpaka ukurasa wa mwisho kabla hujakubali. Sisi tungerudi tena tungekaa nyumba ya mtu.

Mama Zuhura: Na chakula mwanangu? Nasikia huko nguruwe kila sufuria.

Zuhura: Ni kweli Mama, lazima uulize. Chakula chao kikubwa ni mofongo. Wanakaanga ndizi mbichi, wanazitwanga na kitunguu saumu kwenye kinu kidogo cha mbao, na kwa kawaida wanatia ngozi ya nguruwe iliyokaangwa. Tulimweleza mama mwenye mkahawa. Akatoa kinu kingine kisafi, akakaanga kwa mafuta ya mahindi, akatutwangia pale pale tunamwona. Juu akamwagia kamba na mchuzi wa nyanya. Mama, ukila unasikia kitunguu saumu kwanza, halafu ndizi inakuja taratibu, na pembeni imeshika ukoko.

Zuhura: Vya kukaanga vya barabarani tuliviacha, mafuta yake hatukuyajua. Madafu tulikunywa mpaka basi.

Mjomba Athumani: Ile ngome kwenye picha ya tatu ni ya Mreno?

Salim: Ya Mhispania, mjomba. El Morro. Walianza kuijenga 1539, kwa hiyo imeitangulia Fort Jesus yenu.

Mjomba Athumani: Ya kwetu 1593. Wote hao walikuwa wanajichimbia kwenye midomo ya bandari, mizinga imeelekea baharini.

Salim: Ndivyo ilivyo hata pale. Nje ya ngome kuna uwanja mkubwa wa majani, upepo wa bahari hauishi, watoto kwa wazee wanarusha tiara. Tulikaa pale Jumamosi asubuhi yote. Mitaa ya mji wa kale nayo imetandikwa mawe ya rangi ya buluu.

Zuhura: Mimi mji wa kale niliupenda, ila kilichonigusa ni Loíza. Ni mashariki ya San Juan, si mbali kwa gari. Wengi wa watu wake ni kizazi cha Waafrika waliopelekwa kule utumwani. Utumwa wao ulifutwa Machi 1873, mwaka ule ule soko la Zanzibar lilipofungwa.

Shangazi Mwanaisha: Wametoka pande zetu?

Zuhura: Wengi walitoka Afrika Magharibi na Kongo, shangazi. Lakini nilivyofika kwenye ngoma yao, bomba, nilisimama nikashindwa kuondoka. Ngoma za mapipa, zinapigwa kwa mikono. Moja inashika mdundo, nyingine inamfuata mchezaji. Yaani mchezaji ndiye anayemwongoza mpigaji. Aliingia mama mmoja wa makamo, sketi pana nyeupe, akaisalimia ngoma kwa kuinamisha kichwa. Akatikisa upindo wa kulia, ngoma ikajibu. Akasimama kimya, na mpigaji mkono juu anamsubiri, jasho linamtoka, hathubutu kupiga. Akarusha bega moja tu, pa! Watu wote wakapiga kelele.

Mama Zuhura: Mashallah.

Zuhura: Salim machozi yalimlenga.

Salim: Kweli yalinilenga. Nilimkumbuka marehemu bibi.

Zuhura: Ramla, mkienda msijifungie kwenye ufukwe wa hoteli. Ufukwe mzuri hata Florida upo. Nendeni Loíza, nunueni kwa watu wenyewe. Kule wanachonga vinyago vya nazi, vina pembe na rangi kali, vya sikukuu yao ya Julai. Nimemletea Mama kimoja.

Ramla: Na ile picha nyeusi, mbona haionekani kitu?

Zuhura: Simu ilishindwa! Ni wangwa mmoja huko Fajardo, mji mwingine wa kisiwa hicho, unawaka usiku. Mnaingia kwa kayaki kupitia mfereji mwembamba, mikoko imefunga juu giza totoro. Ukichovya kasia, maji yanawaka rangi ya buluu. Ni vijidudu vidogo sana, maji yakitikiswa vinatoa mwanga. Kuogelea humo ni marufuku, ili visidhurike, nami naona ni haki.

Shangazi Mwanaisha: Hapo lazima mwende siku za giza. Mwezi ukiwa mpevu hamtaona kitu.

Zuhura: Sahihi kabisa shangazi. Hata waongozaji wanasema hivyo.

Ramla: Bakari hapa anasema tuende Mei, kabla ya vimbunga.

Shangazi Mwanaisha: Basi angalieni kalenda ya Kiislamu. Chagueni mwisho wa mwezi, tarehe ishirini na nane hivi.

Ramla: Ahsante shangazi. Dada Zuhura, nitumie inboksi namba ya yule mama wa mofongo.

Zuhura: Namtafuta mwenzangu anipe. Mpigieni mapema, Jumapili anafunga.