Mrejesho: Kamera ya zamani iliyokuwa ikigomea memori kadi

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza kuhusu kamera ya marehemu baba, ya mwaka 2005, iliyokuwa ikidai kadi ina hitilafu kila nikipiga picha tatu nne pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza.

Nilifuata ushauri: sikupiga picha nyingine wala kuiformati kadi (yaani kuifuta yote na kuiandaa upya). Vile vijibati vya dhahabu vya kadi nilivisugua taratibu kwa raba ya penseli, raba ikatoka nyeusi, lakini wapi. Nilipoichomeka kwenye kompyuta, nayo ikakwama. Kumbe kadi ndiyo imechoka, kamera ni nzima.

Programu ya PhotoRec, ambayo ni ya bure, ilikesha ikiokoa picha. Nyingine zimekatika, nusu ya chini kijivu kitupu. Ila ya baba akiwa kwenye kivuko cha Kamanga, upepo umeinua kola ya shati, imerudi nzima. Niliitazama muda mrefu.

Angalizo: kadi mpya ya GB 8 iligoma kabisa. Hiyo ni SDHC, aina ya kadi za SD zenye ujazo mkubwa iliyokuja 2006. Kamera yangu inajua SD za kawaida tu, mwisho GB 2. Nimepata ya GB 1 kwa fundi simu, nikaiformati ndani ya kamera yenyewe, na jana nimeupiga picha mwamba wa Bismarck Rock bila tatizo. Asanteni sana, hasa mlionizuia kuformati ile ya zamani.