Kupanga mlo wa wiki kwa kufuata bei ya soko

Mama wa Temeke: Ndugu zangu, kila Jumamosi naandika ratiba ya chakula kabla ya kwenda sokoni, lakini fedha haitoshi. Je, niangalie kwanza kilichoshuka bei?

Mpishi: Ndiyo, dada. Bei itangulie, ratiba ifuate. Nyanya zikijaa sokoni, pika rojo nzito uigandishe. Maharage, yasiyooza upesi, nunua wakati wa mavuno.

Mzee wa Feri: Naongeza kuhusu dagaa, ambao huvuliwa kwa taa usiku wa giza na hivyo huadimika mwezi unapokuwa mpevu, wiki hiyo nyumbani kwetu hupikwa kunde, ingawa wajukuu hununa.

Mhasibu: Punguzo la supamaketi nalo lipimwe kwa bei ya kilo, kwani pakiti kubwa si lazima iwe nafuu.