Naomba ushauri: Seneti ya Marekani inanichanganya

Wakuu, salaam. Shemeji yangu ni mtumishi wa serikali kuu huko Maryland. Mwaka 2025 serikali ilipofungwa siku 43 kwa kukosa bajeti, kuanzia Oktoba 1, dada alinitumia picha ya hati ya mshahara wa mumewe: sifuri tupu. Iliniuma sana.

Ninachoshindwa kuelewa ni hiki: Republican walikuwa na viti 53 kati ya 100 vya Seneti, na Rais alikuwa wao, bajeti ikakwamaje? Naambiwa zinatakiwa kura 60 kufunga mjadala. Sasa mbona Julai walipitisha sheria ya kodi kwa 51 dhidi ya 50, kura ya Makamu wa Rais JD Vance ikiamua? Anayeujua utaratibu huu anifafanulie polepole, nimweleze na mama. Kila jioni ananiuliza.