Kona za Uyole hadi Tukuyu kwa pikipiki: nikae wapi barabarani? Naomba ushauri

Mgeni wa Rungwe
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni afisa ugani, nimehamishiwa Rungwe mwaka huu nikitokea Dodoma. Pikipiki naendesha mwaka wa sita sasa, CC 125, na sijawahi kupata ajali. Ila barabara nilizozoea zimenyooka, gari unaliona likiwa bado mbali. Huku ni kona juu ya kona, mvua, ukungu, na malori yanayokwenda Kasumulu, mpakani na Malawi.

Jumanne nilikuwa narudi Tukuyu jioni, nimeshaipita Isongole. Nikaingia kona ya kushoto, miti imeziba huko mbele. Nilikaa karibu kabisa na mstari wa katikati, maana kuna jamaa aliwahi kunielekeza kwamba ukikaa pale unaiona kona mapema. Likatokea lori la trela. Kichwa kikanipita vizuri, nikajua yamekwisha, kumbe trela lenyewe linakuja upande wangu. Nikajitupa kushoto, tairi la mbele likateleza kwenye udongo ulioletwa na mvua. Namshukuru Mungu sikuanguka. Nilisimama pembeni karibu nusu saa, mikono inatetemeka, nawawaza wanangu wawili.

Mwenzangu wa ofisini anasema nibane kushoto siku zote. Yule jamaa wa mwanzo anasema nikae katikati. Nimfuate nani?

Kijana wa Mwanjelwa
Pole sana mkuu. Bana kushoto, tembea arobaini, utafika tu.

Mgeni wa Rungwe
Asante kaka. Lakini huko kushoto kabisa ndiko waliko wanafunzi, akina mama na ndizi zao kichwani, na lami iliyomeguka. Nikikutana nao katikati ya kona nakwepea wapi?

Tani Thelathini
Mimi ni dereva wa trela, njia yangu Dar hadi Tunduma, na Kasumulu naifahamu. Ndugu yangu, ngoja nikueleze kilichotaka kukuua, maana wenye pikipiki wengi hawakijui.

Trela halipiti pale kilipopita kichwa. Kwenye kona matairi ya nyuma hukata kwa ndani. Sasa kona ya kushoto kwako, kwangu mimi ninayekuja ni kona ya kulia. Ndani ya kona yangu ni huko kwenye mstari wa katikati, yaani huko ulikokuwa umekaa wewe. Nikikata vizuri, trela linabaki upande wangu. Nikiwahi kukata, au kona ikiwa kali, linavuka mstari, na mimi kule mbele nimeshakupita.

Kona ya kulia kwako mambo hugeuka. Hapo mimi nakata kushoto, na kona ikiwa imejikunja sana nalazimika kukitanua kichwa kwenye upande wako ili matairi ya trela yasishuke kwenye mtaro. Kwa hiyo ukiona lori linakuja kwenye kona kali, iwe ya kushoto au ya kulia, uondoke kwenye mstari mapema. Usisubiri kuona litafanya nini.

Kuna hili pia. Ukiwa nyuma yangu na huvioni vioo vyangu, jua na mimi sikuoni. Kule mlima Kitonga, Iringa, nawaona vijana wanashuka wamejibanza nyuma ya trela, nikikanyaga breki hawana pa kwenda. Kaa mbali.

Mgeni wa Rungwe
Mkuu, ubarikiwe sana. Kumbe hata angekuwa makini, pale nilipokaa ni pabaya tu.

Boda Mstaafu
Kamwene. Mimi nipo Iringa, nimeendesha pikipiki zaidi ya miaka ishirini, sasa nawafundisha vijana. Hao waliokushauri kila mmoja ana nusu ya ukweli, na ndiyo maana wote wawili wanaweza kukuponza. Upande wako wa barabara ugawe njia tatu kichwani: ya kushoto, ya kati na ya karibu na mstari. Hakuna hata moja ya kudumu. Unahama kutokana na unachokiona.

Yule aliyekwambia usogee karibu na mstari kwenye kona ya kushoto hakukudanganya. Ukiwa pale, jicho linafika mbali zaidi. Kwenye kona ya kulia ni kinyume, ukikaa kushoto ndiyo unaona mbali. Ila kuna mpangilio ambao hakukupa. Kwanza usalama, pili tairi likanyage mahali pazuri, kuona mbali ni la tatu. Ukiona lori, au barabara ikiwa nyembamba kiasi kwamba lori likija litajaza, acha kutafuta kuona mbali, kaa njia ya kati au ya kushoto, na mwendo upungue kufidia usichokiona. Ukiona udongo, mafuta yaliyomwagika au watoto kushoto, ondoka kushoto.

Kwenye kona ya kulia ujihadhari zaidi. Pikipiki inapolala kulia, tairi linaweza kuwa upande wako huku kichwa na bega lako viko upande wa mwenzako. Nimemzika rafiki kwa kosa hilo.

Sasa mwendo. Ukiikaribia kona tazama pale kingo mbili za lami zinapokutana mbele, mwisho wa macho yako. Pakiwa panakukimbia, kona inafunguka. Pakiwa pamesimama huku wewe unazidi kupakaribia, kona inajikunja, punguza. Muda wote uwe na uwezo wa kusimama ndani ya kile kipande unachokiona, tena upande wako. Ukiwa 60 kwa saa, kila sekunde moja unamaliza karibu mita 17. Hesabu mwenyewe, kona yako ya Jumanne ulikuwa unaona mita ngapi?

Kwenye njia ya vumbi ya gari moja, kama nyingi za huko vijijini unakokwenda kwa wakulima, uweze kusimama ndani ya NUSU ya unachokiona. Nusu nyingine ni ya anayekuja.

Mgeni wa Rungwe
Shikamoo mzee. Nilikuwa kwenye 55 hivi, na sidhani kama nilikuwa naona mita 30. Nimesoma jibu lako mara tatu. Swali moja: nikishaingia kona na mwendo umezidi, nishike breki ipi?

Boda Mstaafu
Marahaba. Kazi ya breki iishe kabla ya kona, pikipiki ikiwa imesimama wima. Hapo tumia zote mbili, ya mbele ndiyo yenye nguvu, ibane taratibu ukiongeza, usiinyakue. Gia ishuke hapohapo, kisha ingia na mafuta kidogo, ya kuibeba tu.

Ukishajikuta ndani na mwendo umezidi, usiibane ya mbele kwa nguvu, utaanguka. Tazama kule unakotaka kutokea, usilitazame lori wala mtaro, maana pikipiki hufuata macho. Halafu sukuma usukani kwa mkono wa upande wa kona. Kona ya kushoto, mkono wa kushoto usukume mbele, pikipiki italala na kukata zaidi. Wengi hawaamini mpaka wajaribu. Tafuta uwanja mpana, mkavu, fanya kwa 30 hadi mkono uzoee.

Nesi wa Makete
Kaka pole. Mimi ni dada ninayeendesha kila siku kwenye baridi ya huku, naomba niongeze kidogo. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi vidole vinakufa ganzi, unaitaka breki mkono haujibu. Glavu si urembo. Na mvua inapoanza tu, dakika zile za kwanza lami inateleza kuliko baadaye, kwa sababu ya mafuta na vumbi. Mistari iliyopakwa rangi nayo usiikanyage ukiwa umelala.

Mwisho, wakati wa kushuka usiweke nyutro kubana petroli kama wanavyofanya vijana. Injini inakusaidia kushika, ukiziachia breki kazi yote zitachemka.

Fundi Uyole
Pitia kwa fundi yeyote akuangalizie tairi la mbele. Likiwa kipara, ushauri wote huu hautakusaidia kwenye mvua ya Tukuyu.

Mgeni wa Rungwe
Wakuu, narudi baada ya wiki mbili. Ndaga fijo, yaani asanteni sana, kama wasemavyo wenyeji wangu. Tairi lilikuwa limeisha kweli, nimebadilisha. Jumamosi mbili nimekwenda uwanja wa shule hapa jirani kujifunza kusukuma usukani. Mara ya kwanza niliogopa, pikipiki ililala ghafla kuliko nilivyotarajia, sasa naizoea.

Jana nimepita kona ileile. Nilianza karibu na mstari nikiwa 35, nikaona pua ya trela kwenye miti, nikasogea kushoto kabla halijafika. Trela lilikata, likagusa mstari, likapita. Nafasi kati yetu ilitosha mtu kusimama.

Tani Thelathini
Vizuri. Ukiona trela la bluu lenye taa mbili za njano juu ya kichwa, ni mimi, niwashie taa.