Tupeane uzoefu: Ulibadilisha sukari mbadala kwenye keki ya wanga kidogo, ikawaje?

Habari zenu wapendwa. Niko Tabata, mama yangu ana kisukari na keki zake naoka mimi. Kwa vikombe viwili vya unga wa lozi na mayai manne huwa naweka eritritoli, ile sukari mbadala ya chembechembe, gramu 150. Mwezi uliopita nilizunguka Kariakoo nikaikosa, nikarudi na kichupa cha stevia ya matone. Nikapiga hesabu ya utamu peke yake. Keki ilinywea, ikashikana kama ugali uliolala, na ukimeza unabaki na uchungu mdomoni. Mama alimaliza kipande chake bila neno, na hilo ndilo lililoniuma. Kumbe nilikuwa nimeondoa gramu 150 za kitu kikavu kilichojaza keki, nikaweka matone badala yake. Naombeni waliowahi kubadilisha waseme: ulitoa nini, ukaweka nini, kiasi gani?

Mama wa Tegeta: Pole mdogo wangu. Mimi eritritoli yenyewe ndiyo ilinitesa, kwenye krimu ya keki. Jioni laini, asubuhi naitoa kwenye friji ina chengachenga kama mchanga. Ndiyo tabia yake, ikipoa inarudi kuwa chembe. Siku hizi naisaga kwa blenda mpaka iwe vumbi. Na kwa kuwa utamu wake ni kama asilimia 70 tu ya sukari, siongezi eritritoli. Kwenye keki kama yako naweka gramu 100 na stevia halisi ya unga kwenye ncha ya kisu. Ule ubaridi wa mdomoni kama pipi ya mnanaa unapungua sana, na keki haikosi mwili.

Mdau Kigamboni: Shemeji aliniletea alulosi, sukari mbadala nyingine, kutoka Marekani. Utamu wake unakaribiana na wa eritritoli, nikabadilisha gramu kwa gramu. Ladha safi kabisa, ila jamani, inashika rangi upesi! Dakika ya 20 juu kahawia iliyokolea, katikati bado uji. Sasa naoka nyuzi 160 badala ya 175, na juu nafunika foili. Biskuti nimeacha, hazikauki hata ukizisubiri mpaka kesho yake. Keki lakini inakaa siku tatu bado laini.

Jirani wa Upanga: Zailitoli, nayo ni sukari mbadala, ina utamu sawa na sukari, kwa hiyo dada wa Tabata, penye eritritoli 150 weka kama 105. Ila wenye mbwa nisikilizeni. Ni sumu kwao, hata kidogo. Kijana wetu wa getini alikuwa akimrushia mbwa makombo ya keki, na siku nilipojua nilitetemeka. Nikaiondoa nyumbani siku hiyohiyo.

Baba Mbagala: Mimi ni mgonjwa mwenyewe. Nilitumia vile vipakiti vya sukralosi vya kuwekea chai, vingi, kujazia keki nzima. Nikajipima saa moja baada ya kula, sukari imepanda. Nikageuza boksi nikasoma: maltodekstrini. Hiyo ni wanga, na inapandisha. Kipakiti kimoja kwenye chai ni kidogo, lakini keki inakula thelathini. Someni upande wa nyuma kabla ya kulipa.

Mrejesho kutoka Tabata: Asanteni mno. Jumamosi nimefuata ya mama wa Tegeta, 100 na ncha ya kisu. Imeumuka, uchungu hakuna. Mama kaomba visheti sasa, na hapo nimekwama. Shira ya eritritoli najua itaganda chembechembe. Mdau Kigamboni, alulosi yako umewahi kuichemshia shira? Ikishika kwenye visheti, nitamwomba ndugu yangu aliye huko Marekani aniletee.